Namna ya Kuua Betri ya Drili Kabla Mkopo Haujaisha

Betri nzuri ya drili, ikitunzwa, inaweza kumfanyia fundi kazi miaka kadhaa. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu wauza betri nao wana watoto wa kusomesha. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye huruma, yule aliye tayari kununua betri mpya kila baada ya miezi michache ili biashara isilale, na ambaye hana muda wa kuhesabu vidole vya saidia fundi wake.

Kazi huanzia dukani. Ingia Kariakoo ukiwa na hela ya kikoba mfukoni na mteja anayekupigia simu kila nusu saa kuulizia kabati lake. Drili za chaji utazikuta zimepangwa kwenye masanduku yao ya plastiki, kila moja imeandikwa namba kubwa ubavuni: 21V, 48V, 88V, hata 128V. Chagua yenye namba kubwa kuliko zote. Muuzaji akikuambia, "Hii ni mashine, bosi, inatoboa mpaka nondo," mwamini. Hana sababu ya kukudanganya, amekuita bosi.

Usikubali watu wa hesabu wakuharibie siku. Watakwambia kwamba ndani ya betri hiyo mna seli ndogo za mviringo, nyingi zikiwa za aina inayoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Seli moja ya lithiamu ya aina hiyo hutoa volti 3.6 hivi, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Unga tano kwa msururu utapata volti 18. Zipime zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye chaja utapata 21. Kwa hiyo 18V na 21V ni betri ileile, moja imepimwa asubuhi na mwenzake mchana. Hata wakubwa wanaucheza mchezo huu, ila wao kwa adabu: DeWalt huiuza Marekani kwa jina la 20V MAX na Ulaya kwa jina la 18V, na ukweli wameuandika kwa herufi ndogo. Hiyo 128V ndiyo isiyo na adabu. Kuifikia kihalali kunataka seli 36, na kila seli ina uzito wa gramu 45 hivi, ambazo ni zaidi ya kilo moja na nusu kabla hujaweka plastiki. Uliyoishika wewe unaibeba kwa vidole viwili.

Mtu mwenye ugonjwa wa kutafuta ukweli angeiomba bucha ya jirani mizani. Betri ya volti 18 yenye seli kumi haiwezi kushuka chini ya nusu kilo kirahisi. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, na ubavuni imeandikwa ampea-saa 15, basi kuna mtu kala njiani, maana seli bora kabisa za 18650 hubeba ampea-saa 3.5 hivi, na wenzao wanene wa 21700 hubeba kama 5. Seli tano zilizounganishwa msururu hazijumlishi ampea-saa hata moja. Zinajumlisha volti tu. Betri ya seli tano haitafika hata nusu ya hizo 15, iombewe dua ama isiombewe. Lakini nani ana muda wa kwenda bucha na betri? Lipa, chukua kofia ya zawadi, nenda zako karakanani Keko.

Sasa kuchaji. Shika usia wa mzee aliyekufundisha fani: betri mpya ikae kwenye chaja saa kumi na mbili bila kuguswa, na ikishatoka isirudi mpaka iishe kabisa, mpaka drili igome yenyewe. Mzee hakuwa mwongo. Black & Decker walipotoa drili ya betri mwaka 1961, na kwa miongo mingi baada ya hapo, betri za zana zilikuwa za nikeli na kadimiamu, na hizo kweli zilikuwa zikichajiwa nusunusu zinazoea uvivu. Kadimiamu ni sumu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku betri hizo kwenye zana za chaji mwishoni mwa 2016. Tatizo ni kwamba betri ilibadilika na usia ukabaki. Seli za lithiamu, ambazo Sony waliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo mwaka 2019 ziliwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia, zina tabia iliyo kinyume kabisa. Hazijali kuchajiwa kidogokidogo. Kinachoziua ni kukamuliwa.

Basi kamua. Drili ikianza kuzunguka kwa unyonge, iachie kidogo ivute pumzi, kisha bonyeza tena. Itakupa skrubu tatu za ziada, nazo ndizo skrubu ghali kuliko zote utakazofunga mwaka huo. Seli ikishuka chini ya volti 2.5 hivi na kuachwa iendelee kushuka, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku utakapoichaji inajikusanya upya mahali isipotakiwa, ikitengeneza njia ya mkato kutoka upande mmoja wa seli hadi wa pili. Ukishaikausha hivyo, itupe kabatini mpaka baada ya masika. Wapo wanaoweka betri kabatini ikiwa na nusu ya chaji, sehemu ya baridi, mbali na chaja, na kuichungulia kila baada ya muda. Hao ndio wale ambao betri zao zina umri mkubwa kuliko drili zenyewe, na wauzaji hawawapendi.

Masika yakiisha chaja itaikataa. Taa nyekundu itawaka na kuzima, maana sakiti ya ulinzi imeona seli zimekufa na inakuonya. Usikubali kuonywa na taa. Kila mtaa una kijana anayejua kustua betri: anachukua nyaya mbili na betri nyingine iliyojaa, anazigusanisha, cheche inaruka, na baada ya dakika chache chaja inakubali kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlipe chake. Ulichonunua ni seli yenye njia ya mkato ndani, imepewa nguvu upya, na sasa inalala nyumbani kwako.

Joto ndiyo silaha yako kubwa, na Dar es Salaam inalitoa bure. Watengenezaji wengi huandika kwamba betri isichajiwe ikiwa na joto linalozidi nyuzi 40 hadi 45. Chukua mchana wa Februari, nyuzi 32 kivulini; ingia chini ya paa la bati lisilo na dari; kisha chomoa betri iliyotoka kukata vipande vya mkongo mfululizo, ile ambayo ukiishika kiganja kinashtuka. Hiyo ndiyo ya kuchomeka kwenye chaja papo hapo, mteja amekaa kwenye stuli anakuangalia. Chaja nzuri itakataa mpaka betri ipoe, ndiyo maana chaja nzuri inaonekana ina dharau. Itafutie mbadala: ile nyepesi ya kadi moja ya umeme ndani, isiyopima joto la mtu yeyote. Ingekuwa fundi ana betri mbili za uhakika badala ya nne za mashaka, moja ingepoa kivulini wakati nyingine inafanya kazi, na wala kusingekuwa na haraka. Lakini mwongozo huu si wa watu hao. Kama una pikapu, nyingine iache juu ya dashibodi, vioo vikiwa vimefungwa, uende ukale chakula cha mchana taratibu.

Mahali pa kuchajia nako kuna ustadi wake. Chini ya meza ni pazuri, kwenye maranda ya jana, karibu na kopo la tina lililofunikwa kwa gazeti. Umeme uvute kwa kebo iliyoungwa kutoka kwenye kebo nyingine, ambayo nayo imeungwa kutoka kwa jirani mwenye Luku. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chaja itajua la kufanya. Muda bora ni usiku, kila mtu akiwa amelala, na anayelala karibu zaidi awe saidia fundi, yule dogo wa miaka kumi na tisa uliyemwambia alale karakana ili alinde mbao. Mlango umfungie kwa nje, asije akatoroka na mninga wako.

Hapa naomba niweke kejeli pembeni kwa aya moja tu. Seli ya lithiamu ikipata moto ndani kwa ndani hujichochea yenyewe: utando unaotenganisha pande zake mbili huyeyuka joto likifika nyuzi 130 na ushee, maji yake ya ndani yanawaka, na jirani yake kwenye pakiti anafuata, halafu anayefuata. Moshi wake una sumu. Kizima moto cha unga kinaweza kuua ndimi za moto na bado betri ikawaka tena, kwa sababu unga haupozi kitu. Maji mengi ndiyo yanayopoza. Kabla ya moto betri huaga mara nyingi kwa harufu tamutamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, au kwa kuzomea, au plastiki yake inalainika. Hapo hapana cha kuokoa. Watu watoke, ipigwe 114 waje Zimamoto, na mlango uwe unafunguka kwa ndani.

Turudi kazini. Saidia fundi akisema, "Bosi, hii betri inanukia," jibu liwe moja: "Kwani ni yako? Maliza droo hiyo kwanza."

Kwenye kutumia drili yenyewe kanuni ni fupi: kandamiza. Ile pete yenye namba shingoni, inayoamua drili iachie wakati gani skrubu ikishakaza, izungushe mpaka kwenye alama ya biti na uisahau hapo maisha yote. Vichwa vya skrubu vitakatika, mbao zitapasuka, na betri itakunywa umeme wake wote kwa nusu saa. Biti ikiwa butu, usinunue nyingine. Ongeza uzito wa mwili. Biti butu humfanya mota aombe umeme mwingi, umeme mwingi huleta joto kwenye seli, na joto tumeshalizungumza. Mwaka 1971, kwenye safari ya Apollo 15, David Scott alitoboa mwezi kwa drili ya betri iliyotengenezwa kwa mchango wa Black & Decker, ikazama zaidi ya mita mbili na kukwama. Yeye na mwenzake James Irwin walisukuma kwa mabega kwa nguvu zao zote ndipo ikatoka. Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba vumbi halikupata njia nzuri ya kupanda kupitia mifereji ya vyuma vile vya kutobolea. Fundi wa ukuta wa zege anayeivuta biti nje kila mara ili vumbi litoke ameshaelewa kilichotokea mwezini bila kwenda. Wewe endelea kukandamiza. Biti ikikwama ghafla drili itazunguka yenyewe, na kiwiko chako ndicho kitakachoamua lini isimame.

Unapobadilisha biti, betri iache ndani. Kidole kimoja kiwe kwenye kitufe cha kuwashia, kwa tahadhari. Kile kitufe kidogo cha kwenda mbele na kurudi nyuma kina sehemu ya katikati inayofunga kila kitu, lakini sijawahi kuona mtu akiitumia akiwa na haraka. Glavu za nyuzi zinafaa sana pia, hasa zile zilizochanika, kwa sababu biti inayozunguka inazipenda. Na vumbi la mvule linalochochea pumu na kuwasha ngozi, hilo ni la kupuliza kwa mdomo.

Grainda ya chaji inastahili kitabu chake, ila nitasema machache. Kwanza toa ile kava ya chuma, inaziba macho usione vizuri. Ukishaitoa utagundua kwamba sasa inaingia diski ya milimita 180 kwenye grainda iliyotengenezwa kwa ajili ya 115. Bahati iliyoje! Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ukingo wa diski ya 180 unakwenda mita 103 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Treni yetu ya SGR ikijitahidi sana ni 160. Diski yenyewe imeandikwa mwisho mita 80 kwa sekunde na mizunguko kama 8,500, lakini imeandikwa kwa maandishi madogo yanayofutika na grisi. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati mwa diski kuna hata tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe zake huzeeka na kunyonya unyevu. Ni miaka mitatu tu kwa diski nyingi za kukatia. Pwani yetu yenye unyevu imejaa diski zilizopitwa na wakati zinazouzwa kwa bei ya ofa. Wapo pia wanaofunga msumeno wa meno wa kukatia mbao kwenye grainda, bila kava, mkono mmoja. Hao hawahitaji mwongozo wangu, wameshamaliza kozi.

Betri ikifa kabla ahadi ya waranti haijaisha (ambayo ni ya wiki moja, na duka limehama), ipeleke ikabadilishwe seli. Fundi atavunja betri za kompyuta za mkononi zilizokufa na kukutolea seli za 18650 zilizo hai bado. Zinaingia vizuri kabisa. Vipimo ni vilevile. Kilichotofautiana hakionekani kwa macho. Seli ya kompyuta imezoea kutoa ampea tano hivi kwa utulivu, wakati drili ikikaza skrubu nene au grainda ikiuma chuma huvuta ampea ishirini, thelathini, na zaidi. Mwambie aziunge kwa risasi na solda ya moto moja kwa moja kwenye makalio ya seli badala ya ile mashine ya kuchomelea vibati, na sakiti ya ulinzi aiondoe, maana ndiyo inayosumbua kwa kukata umeme. Kazi hiyo utalipia kidogo. Betri utakayopata itafanya kazi vizuri sana, mpaka dakika itakapoacha.

Kuibeba ni rahisi. Itupe kwenye mfuko mmoja na misumari, skrubu na funguo. Msumari ukilala sawasawa juu ya vituo viwili vya betri kubwa unaweza kupitisha zaidi ya ampea 100, na mfuko utaanza kutoa moshi ukiwa begani mwa bodaboda. Kile kifuniko cha plastiki kilichokuja nacho ulishakitupa siku ya kwanza, sivyo?

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Dubai wana mtihani wa ziada. Kanuni za usafiri wa anga zinataka betri za akiba za lithiamu zisafiri na abiria ndani ya ndege, vituo vikiwa vimefunikwa, si kwenye mzigo wa chini. Volti 18 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 90, ziko chini ya kikomo cha 100. Kuanzia hapo hadi 160 unaomba ruhusa kwa shirika la ndege, na juu ya hapo haipandi. Sababu si ubishi wa maofisa. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa imebeba shehena yenye betri za lithiamu, moto ukawaka kwenye mizigo, ndege ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Msafiri mjanja, hata hivyo, huzifunga betri zake kumi ndani ya mablanketi kwenye begi kubwa, na kwenye fomu anaandika "nguo".

Hatimaye siku inafika ambapo hata kijana wa kustua anatikisa kichwa. Kuna wanaobandika utepe wa umeme juu ya vituo vya betri iliyokufa, wakaiweka peke yake kwenye ndoo ya mchanga nje ya nyumba, na kumtafuta anayekusanya taka za umeme kwa kibali. Ni usumbufu. Una njia mbili za asili. Ya kwanza ni kuichanganya na maganda ya ndizi na mifuko kwenye lile shimo nyuma ya nyumba linalochomwa moto kila Jumamosi, watoto wakiwa wamelizunguka wanaota moto. Ya pili inakuingizia kitu: kumuuzia kwa kilo mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Ataigeuzageuza, ataitikisa sikioni, atakuuliza kama ndani ina shaba. Mwambie ipo, pokea hela yako, na uingie ndani haraka kabla hajachukua nyundo.